Farasi wa pili alibaki nyumbani

Mhariri, swali lenu la wiki hii lauliza kama kwenda nchi ya mbali yenye milima mitupu, mfano wa Lesotho, kwa ajili ya kupanda vilima na farasi kunastahili gharama yake au ni anasa tu. Nimelisoma mara mbili nikiwa barazani, na mara zote mbili nimehisi kwamba naulizwa mimi. Lesotho nilikwenda, Julai mwaka 2024, na kazi yangu ya miaka 23 ni kuwachukua watalii kwa mashua kutoka ufuo wa Nyali hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari. Ninayekula kwa anasa za watu si vyema niilaani anasa. Hata hivyo, jibu nililokaa kuliandika ni hapana. Kilele cha Vuria, mita 2,208, kiko huko huko Taita, mwendo wa asubuhi moja kutoka Mombasa, nami sijakipanda, wala simjui jirani aliyekipanda. Mtu huanza na mlima wa nyumbani.

Nilikwenda kwa sababu mwanangu anafanya kazi Maseru, mji mkuu wa Lesotho, na aliniletea tiketi, na kwa sababu Julai ni kusi, bahari imechafuka na mashua imepandishwa mchangani. Viza ya Afrika Kusini, ambako ni lazima upite kwa kuwa Lesotho imezungukwa nayo pande zote, haikunisumbua. Tangu Januari 2023 Mkenya huingia humo siku 90 bila viza. Mke wangu aliposikia jina la nchi aliuliza kama ndiko zinakochapishwa leso, na ingekuwa vyema kama ndiko, maana ningerudi na zawadi ya kueleweka.

Kwa mtu wa pwani, nchi ile ni fumbo. Mahali pake pa chini kabisa pako mita 1,400 juu ya bahari, na kilele chake, Thabana Ntlenyana, kina mita 3,482, kirefu kuliko vyote vya kusini mwa Afrika. Jioni ya kwanza mwanangu alisema tutakula papa. Nilifurahi, nikashangaa pia jinsi papa alivyofika kwenye nchi isiyo na hata kipande cha pwani, nikaanza kuuliza kama huletwa mkavu. Kumbe papa kwao ni ugali. Uliletwa na mboga za majani wanazoziita moroho, nami nikaula nikiwa nimejifunika blanketi mbili, kwa kuwa usiku ule maji yaliyoachwa nje kwenye ndoo yaliganda.

Sasa nifike Semonkong, kwa kuwa ndiko swali lenu lilikonirudisha. Ni mji mdogo wa milimani, yapata kilomita 120 kutoka Maseru, na jina lake maana yake ni mahali pa moshi, kwa ajili ya mvuke unaopanda kutoka maporomoko ya Maletsunyane. Maji yale huanguka mita 192 kwa mruko mmoja. Minazi sita mirefu ikisimama mmoja juu ya mwingine haifiki. Kuna watu huteremshwa kwa kamba kando yake, mita 204, na mteremko huo umeingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Mimi niliitazama ile kamba nikaagiza chai. Nilichotaka ni farasi, kwa kuwa Wasotho na farasi wao wadogo wenye miguu ya mbuzi wamezoeana tangu karne ya 19, na kwetu mnyama wa kupandwa ni punda, au yule ngamia wa ufukweni anayepigwa picha.

Kijana mmoja, umri wa mwanangu wa mwisho, alikuja amevaa blanketi lililofungwa kwa pini begani na viatu vya mpira. Alitaja bei ya kunipeleka hadi kwenye maporomoko na kunirudisha: maloti 300. Loti moja, fedha ya huko, ni sawa na randi moja ya Afrika Kusini, kwa hiyo hesabu si ngumu. Mimi, bila kufikiri, nikasema 200. Akatazama chini, akasema sawa ntate, ambalo ni neno lao la kumheshimu mwanamume wa umri wangu, akaondoka, akarudi na farasi mmoja.

Nilipanda. Yeye akashika kamba akatembea. Nilidhani ndivyo ilivyo. Tulikwenda hivyo kwenye mawe na nyasi kavu zenye umande ulioganda, mimi juu nikihema kwa uchache wa hewa, yeye chini hahemi, tukizungumza Kiingereza cha kuokoteza na kufurahi kila maneno yetu yalipokutana, maana nyama wao huiita nama. Tulipofika kwenye kijito, farasi alivuka, na kijana akavuka ndani ya maji yale, yakamwingia kwenye viatu. Hapo ndipo nilipomwuliza kwa nini hakuja na farasi wake. Alinijibu bila chuki yoyote kwamba 300 ni bei ya farasi wawili, wa mgeni na wa mwongozaji. Farasi wa pili ni wa mjomba wake, na mjomba hulipwa.

Wasomaji ambao hawajapata kuendesha mashua huenda wasielewe kwa nini nilinyamaza njia nzima. Mashua yangu ina bei, na ndani ya bei hiyo mna mafuta, ada ya hifadhi, na baharia wa kushika nanga na kumwangalia mtalii aliye majini. Mtalii akishusha bei, mafuta hayapungui, na ada haipungui. Anayeachwa ufukweni ni baharia, kisha mimi nashika usukani na nanga pamoja, na mtalii hurudi hotelini akisema Waswahili ni watu wa kupatana. Kwa miaka 23 nimewasema watalii wa namna hiyo pale kahawani, na sauti yangu huwa kubwa.

Tuliporudi nilimpa 300 kamili. Alizihesabu, akasema asante, kisha akaniambia kwa adabu kwamba farasi wa pili amelala nyumbani siku nzima, ila miguu iliyokwenda na kurudi ni yake. Nilimwongeza 50. Naungama kwamba mpaka leo nafsi yangu nyingine husema ile 50 ilizidi.

Nilikusudia kuandika kwamba fedha ile ibaki nyumbani, lakini kadiri ninavyoandika naona kwamba Vuria isingenionyesha hayo, kwa kuwa huko Taita ningekuwa mwenyeji, mwenyeji huonyeshwa bei nyingine. Ilibidi niwe mgeni asiyejua lolote, mwenye baridi na fedha kidogo mkononi. Kwa hiyo jibu langu limegeuka: nendeni, mwenye uwezo aende. Lakini nisieleweke vibaya. Simwambii mwenye karo ya watoto akope, wala mwenye kifua kibovu apande kule bila kumwuliza daktari. Julai msiende kama mnayapenda maji, kwa kuwa mvua zao ni kati ya Oktoba na Aprili, na mimi niliyaona maporomoko yamekonda, kingo zake zimeshika barafu. Wala sidai kwamba nimerudi nikiwa mtu mwingine. Kusi iliyofuata, wateja walipokuwa wachache, nilimwacha baharia ufukweni mara mbili, na yeye anajua, maana ni mpwa wangu na ndiye anayenisomea barua hii kabla sijaituma.

Mwanangu amesema ataniletea tiketi tena. Nimemwambia iwe ya Machi, maji yakiwa mengi, na amtafute kijana yule yule, aje na farasi wawili. Bei sijaiuliza.