Kuzima pampu ya ngamani kabla ya matengenezo

Swali: Nilizima swichi kuu ya boti yangu ya faiba, lakini pampu ya kutoa maji ngamani (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) ikawaka nikiwa nimeishika. Nikate umeme wapi? – Msomaji, Tanga

Jibu: Ndugu msomaji, pampu yenye swichi ya boya (boya dogo ambalo maji yakiliinua, huiwasha pampu) mara nyingi huungwa moja kwa moja na betri, bila kupitia swichi kuu, ili ifanye kazi hata boti ikiwa imetia nanga bila mtu. Fungua kwanza vifuniko ili mvuke wa petroli utoke, maana cheche moja yatosha, kisha uchomoe fyuzi ya pampu iliyo kwenye waya chanya karibu na betri. Inua boya kwa mkono uone kama pampu itawaka. Hata pampu ikinyamaza, pima nyaya zake kwa kipima umeme kuhakikisha hazina umeme, kwa kuwa pampu mbovu nayo hunyamaza. Ukilazimika kufungua nyaya za betri yenyewe, anza na ncha hasi. Boti ikiwa bado majini, ndoo iwe karibu.