Mchezo wa mafumbo wa kuzunguka mjini York: si utapeli, ila kagua kabla ya kulipa

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: kama hii michezo ya kulipia mtandaoni kisha unaachwa uzunguke mji mwenyewe na simu yako ni utapeli, kama York, mji wa kale huku kaskazini mwa Uingereza, inafaa kwa familia yenye watoto, na kama inachezeka Desemba ukija kumtembelea dada yako Leeds. Mdau mwingine hapo juu kauliza kwa nini Mji Mkongwe wa Zanzibar hauna kitu kama hicho. Niko huku Yorkshire, York nimeicheza na shemeji yangu na wapwa zangu, halafu nikaicheza tena na wenzangu wa kazini, kampuni tofauti. Kampuni sizitaji, na mafumbo nitayageuza kidogo ili nisikuharibie.

Kwanza utapeli. Hofu yako naielewa, maana sisi tumezoea kwamba pesa ikitoka mfukoni lazima kuwe na mtu wa kumshika shati. Hapa hakuna. Unalipa, unatumiwa kiungo na namba ya siri kwenye barua pepe, basi. Hakuna ofisi, hakuna mtembezi mwenye mwavuli, hakuna kufungiwa chumbani kama ile michezo ya ndani. Unafika pahala pa kuanzia siku unayotaka, unafungua programu, hadithi inaanza: mtawa kaficha hati, au mzimu una madai yake. Kila kituo kina fumbo. Ukipatia jibu unaelekezwa kituo kinachofuata, ukikwama unaomba kidokezo na kidokezo kinakula muda wako. Sisi tulilipa chini ya pauni 30 kwa timu nzima, na tulimaliza kwa saa mbili na ushee, pamoja na kusimama kunywa chai.

Kwa hiyo kitu unapata. Swali ni kitu gani, na hapo ndipo kampuni zinapotofautiana kama mbingu na ardhi. Kipimo changu ni kimoja. Tazama fumbo la mfano wanaloonyesha kwenye ukurasa wao. Kama jibu unaweza kulipata ukiwa umejilaza kitandani Kinondoni kwa kugugo tu, achana nao, maana hao wamechukua maswali ya chemsha bongo wakayabandika kwenye ramani. Mchezo wa maana unakuuliza kitu ambacho jibu lake liko ukutani pale uliposimama, na usipoinua kichwa hulioni.

York imejaa vitu vya namna hiyo. Mji waliuanzisha Warumi mwaka 71, wakauita Eboracum, ukawa ngome ya jeshi. Baada yao wakaja Waanglo-Saksoni, wakaja Waviking, wakaja Wanormani, na kila mmoja kajenga juu ya mwenzake. Ukitaka kuliona hilo kwa macho nenda bustani ya makumbusho, Museum Gardens, kuna mnara unaitwa Multangular Tower. Chini ni kazi ya Warumi: mawe madogo madogo yaliyochongwa sawasawa, kama vipande vya sabuni ya mche, na katikati yake umepita mstari wa matofali mekundu. Juu mawe yanakuwa makubwa, na matundu ya kurushia mishale yanaanza. Hiyo ni kazi ya watu wa zama za kati, waliokuja mamia ya miaka baadaye wakaamua msingi wa watu ni mzuri, kwa nini wabomoe. Fumbo letu lilitaka tuseme ukuta "umebadilisha mwenyewe" wapi. Watu wazima tulibaki kusoma kibao cha maelezo. Mpwa wangu mdogo akaenda akaweka kiganja ukutani, akawa anapanda nacho juu taratibu mpaka mkono ukaishia, akasema, "Mjomba, hapa mawe yanafanana, pale juu hayafanani." Mwenzio nimeshapita pale zaidi ya mara moja nikiwahi treni, huo mstari mwekundu sikuwa na habari nao.

Ukitoka hapo michezo karibu yote inakupeleka York Minster, kanisa kuu. Nje upande wa kusini kuna sanamu ya shaba ya Konstantino ameketi na upanga wake, kwa sababu mwaka 306 jeshi lilimtangaza kuwa kaisari akiwa mji huu huu. Ng'ambo yake kuna nguzo ya Kirumi iliyofukuliwa chini ya kanisa mwaka 1969, wakaisimamisha nje mwaka 1971 kuadhimisha miaka 1,900 ya mji. Wenyeji wanakwambia imesimamishwa kichwa chini. Kwa mafumbo hilo ni dhahabu, na kampuni zote mbili zililitumia.

Sasa Stonegate. Ni mtaa mwembamba wa maduka, na zamani ulikuwa mtaa wa wauza vitabu na wachapaji. Kwenye nyumba namba 33, juu, mdomoni mwa kichochoro kinachoitwa Coffee Yard, amekaa shetani mwekundu wa mbao mwenye pembe na mnyororo kiunoni. Ni alama ya kiwanda cha uchapaji, maana wale vijana wa kutumwa kwenye viwanda hivyo waliitwa mashetani wa mchapaji. Programu ilisema tumtafute "mfanyakazi asiyelipwa aliyefungwa asikimbie". Tukatafuta milangoni, tukatafuta vibao, shemeji akaingia mpaka dukani kuuliza. Mpwa mkubwa alikuwa ameshachoka, kanuna, kaegemea ukuta anaangalia mawingu. "Mjomba! Shetani yule pale!" Alivyopaza sauti kwa Kiswahili, mama mmoja aliyekuwa anapita na kigari cha mtoto akageuka akacheka, akasema "Mombasa!" huku akijinyooshea kidole. Tukasalimiana, akatuuliza tunafanya nini, akaungana nasi kituo kimoja kizima. Yeye alikuwa anafanya kazi mtaa wa pili, na huyo shetani alikuwa hamjui.

Hapohapo Stonegate ndipo kampuni ya pili iliponiudhi. Fumbo lao lilisema nenda "alipozaliwa mtu wa baruti", yaani Guy Fawkes, yule wa njama ya kulipua bunge mwaka 1605. Sasa, kinachojulikana ni kwamba alibatizwa mwaka 1570 katika kanisa la St Michael le Belfrey, ubavuni mwa Minster. Kuzaliwa ni mgogoro: Stonegate kuna kibao kinachosema wazazi wake waliishi maeneo hayo, na High Petergate kuna hoteli inayojinadi kuwa alizaliwa pale. Programu ilikubali jibu moja tu, nasi tulikuwa tumesimama kwenye jingine. Tuliwaandikia, wakajibu baada ya siku mbili kwamba "wanathamini maoni yetu". Ukisoma maoni ya wachezaji mtandaoni usiangalie nyota, tafuta malalamiko ya namna hii: fumbo lenye majibu mawili, bango la duka lililobadilishwa, jengo lililofunikwa jukwaa la mafundi. Minster haiishi ukarabati, kwa hiyo mchezo ambao haujaguswa tangu utungwe utakukwamisha tu. Uliza kabla ya kulipa: mara ya mwisho mlipita lini wenyewe kukagua njia? Anayekujibu vizuri, mlipe.

Vichochoro ni utamu wa peke yake. Huku wanaviita snickelways, na vingine ni vyembamba kiasi kwamba mkikutana na mwenye begi mmoja wenu anarudi nyuma. GPS mle ndani inaweweseka, inakuonyesha uko paani. Usiifuate, fuata majina ya mitaa ukutani. Shambles, ule mtaa maarufu wa wachinjaji ambao nyumba zake zimeinamiana juu, una kulabu za nyama bado zinaning'inia nje, na mafumbo mengi yanapenda kuzihesabu. Ila Jumamosi mchana pale hupumui, seuze kuhesabu.

Kitu kimoja nisichokubaliana nacho ni Clifford's Tower. Ule mnara juu ya kilima unapendeza kwenye picha, lakini mwaka 1190 Wayahudi wa York, wapatao 150, walikimbilia kwenye ngome iliyokuwepo hapo wakizingirwa na umati, wengi wakajiua wenyewe kuliko kuangukia mikononi mwa umati, na waliosalia wakauawa. Chini ya kilima kuna jiwe la kumbukumbu. Kampuni ya kwanza ilitupitisha kimya kimya, ikaeleza yaliyotokea, saa ya mchezo ikasimama, hakuna fumbo. Ya pili ikaweka mzimu wa vichekesho palepale. Wapwa zangu hawakuwepo siku hiyo, na nilishukuru, maana sikujua ningewaelezaje kwa nini tunacheka.

Watoto: kuanzia miaka minane hivi wanafurahia, chini ya hapo watataka kubebwa. Timu iwe ya watu wawili mpaka wanne. Mkizidi, wawili wanatatua na wengine wanafuata nyuma kama msafara wa harusi wakiulizana watakula nini. Simu ya mchezo ishikwe na mtoto, yeye ndiye msomaji, mkubwa asiipokonye. Na usiogope kwamba dada yako au mama ni mgeni wa Kiingereza. Kiingereza cha mafumbo kina mizengwe hata kwa sisi tuliokaa, lakini shemeji yangu ambaye tulikuwa tunamtafsiria ndiye aliyeona vitu vingi kuliko sote, kwa sababu macho yake hayakuwa kwenye kioo.

Desemba sasa. Inachezeka, ila jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo anza saa nne asubuhi. Kutoka Leeds treni ni kama nusu saa, na ukishuka stesheni tu kuta za mji unaziona mbele yako. Zina urefu wa zaidi ya kilomita tatu, kuzipanda ni bure, zinafunguliwa asubuhi na kufungwa giza likiingia, na kukiwa na barafu hazifunguliwi kabisa. Kama mchezo wako unapita juu ya kuta, angalia hilo kabla hujatoka nyumbani. Sehemu nyingi upande wa ndani hakuna reli, mtoto umshike mkono, na kigari usahau. Mkifika lango la Monk Bar waambie watazame juu, kuna vinyago vya mawe vilivyoshika mawe kama vinataka kuwarushia wapita njia. Soko la Krismasi pale Parliament Street hujaza watu hadi siku chache kabla ya sikukuu yenyewe, kwa hiyo nenda siku ya kazi, au subiri wiki ya mwisho. Mto Ouse nao hufurika. King's Staith, ile njia ya kandokando ya mto, huwa inaingia majini mvua ikizidi, na kama kituo chako kiko huko utakitazama kwa mbali. Baridi inamaliza betri haraka, beba pawabenki, na uiweke mfuko wa ndani.

Mdau wa Zanzibar, hoja yako imenikaa. Mji Mkongwe una kila kitu: vichochoro, ngome, mizinga ya Forodhani, na umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Milango peke yake ni mchezo mzima. Mtu anaweza kuulizwa atafute mlango wenye kichwa kilichonyooka na mwenzake wenye tao, ahesabu samaki waliochongwa chini, afuate mnyororo wa nakshi unaozunguka fremu. Lakini asiye mwenyeji akiutunga ataharibu. Mlango ule ni wa nyumba ya mtu, na barazani pamekaliwa. Huwezi kupeleka timu kumi kwa siku zikisimama mbele ya mlango wa bibi wa watu zikihesabu misumari, na wakati wa swala vichochoro vya misikitini si pahala pa kukimbizana na saa. Beit el-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ilishaporomoka upande mmoja Desemba 2020, kwa hiyo fumbo lolote la pale lisitegemee kitu ambacho fundi anaweza kukihamisha. Na Mkunazini, penye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, saa isimame kama ile kampuni ya kwanza ilivyofanya. Mtungaji akae kwanza na watu wa mtaa, awaulize wapi wageni wapite na wapi wasipite, na kitu kidogo kibaki kwao. Wenye maduka ya kahawa wanaweza kuwa vituo: jibu unapewa na muuzaji ukimwamkia vizuri.

Mleta uzi, ukishalipa na ukakwama Stonegate, usiweke picha ya fumbo hapa uzini, wengine bado hawajacheza. Njoo PM, ujumbe wa faragha.