Gibson ya laki nne na nusu, au Yamaha iliyochubuka?

*Safu ya maswali ya wasomaji: Muulize fundi wa magitaa*

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 22, naishi Morogoro, na solo za muziki wa dansi zimeniteka. Nimedunduliza hadi nikapata shilingi laki sita za kununulia gitaa langu la kwanza la umeme. Nimepata mawili. La kwanza ni jipya, jekundu, linang'aa, kichwani limeandikwa Gibson, na muuzaji wa mtandaoni anataka laki nne na nusu. La pili ni Yamaha Pacifica 112 lililokuwa likipigwa kanisani. Limechubuka mgongoni na volyumu yake inakwaruza, ila mwenyewe anataka laki tatu na nusu tu. Kuna pia jamaa mwenye amplifaya ndogo ya mtumba kutoka Japani, anaiuza elfu themanini. Rafiki yangu ananiambia nisinunue chochote cha umeme, nipige kwanza gitaa kavu mwaka mzima ili vidole vikomae. Nishauri. – *Mpenda Solo, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chukua Yamaha. Amplifaya usiiguse kwanza mpaka umalize kusoma, na huyo rafiki yako msalimie.

Tuanze na hilo jekundu. Gibson Les Paul Standard mpya inauzwa huko huko Marekani inakotengenezwa kwa zaidi ya dola 2,000. Laki nne na nusu yako haifiki hata dola mia mbili. Hapo hakuna punguzo, kuna stika. Kama muuzaji atakubali kukutumia picha ya karibu, mwombe ya kichwa cha gitaa. Pale kichwa kinapoanzia kuna kifuniko kidogo kinachoziba tundu la kurekebishia shingo. Gibson halisi hukifunga kwa skrubu mbili, na mengi ya kuigiza huwa na tatu. Sisemi kwamba gitaa la kuigiza haliwezi kulia. Yamepita mikononi mwangu yaliyolia vizuri tu. Lakini mtu aliyedanganya kuhusu jina, ambalo kila mtu analiona, atashindwaje kudanganya kuhusu chuma kilichofichwa ndani ya shingo, ambacho hakuna anayekiona?

Halafu kuna suala la safari. Magitaa ya umbo la Les Paul kichwa chake kimeinama kwa nyuma, kwenye Gibson nyingi ni kama digrii 17, na pale pembeni mwa kifuniko mbao ni nyembamba kwa sababu imechimbwa kupitisha chuma. Likilazwa kwenye buti la basi na gunia la mchele likaja juu yake, linakatika hapo hapo. Kazi ya kugundisha vichwa vya aina hiyo hainipungui, na nusu yake ni magitaa yaliyosafiri bila kasha gumu.

Sasa Yamaha. Pacifica zimekuwapo tangu 1990, na hiyo 112 ni gitaa ambalo mwanafunzi analinunua na mpigaji wa bendi haoni haya kulipandisha jukwaani. Ina pikapu tatu, yaani sumaku zenye koili za waya zinazonasa mlio wa nyuzi: mbili za koili moja, shingoni na katikati, na moja ya koili mbili karibu na daraja, kule nyuzi zinakoshikwa mwilini. Hicho ndicho kinachokuhusu wewe. Solo ya dansi haitaki mngurumo wa roki. Inataka sauti safi, kavu kidogo, kila noti isimame peke yake juu ya ridhim na tarumbeta. Koili moja ndiyo inayotoa huo mlio wa kengele. Wewe ni mtoto wa Morogoro, sina haja ya kukujulisha kwa Mbaraka Mwinshehe. Rudia kusikiliza rekodi zake na Morogoro Jazz, kisha uziweke kando ya zile za Mlimani Park miaka ya themanini, utasikia jinsi solo inavyokatiza bila kelele. Kama ni toleo la 112V, kile kitufe cha toni kinavutika juu. Ukikivuta, pikapu ya nyuma inazima koili moja na kuwa nyembamba kama zile nyingine. Jaribu, utapenda.

Mchubuko wa mgongoni ni wa mkanda wa suruali, hauna sauti. Volyumu inayokwaruza mara nyingi ni vumbi tu: fundi anapuliza dawa ya kusafishia swichi, anazungusha kitufe mara kadhaa, kazi imekwisha. Hata ikibidi kubadili, hicho ni kifaa kidogo na cha bei ndogo. Ila mwenye gitaa usimwambie hivyo. Kunja uso, mwambie volyumu ni mbovu, umwombe ashushe elfu thelathini.

Mambo ya kukukosesha usingizi yako kwenye shingo. Nenda mchana, kwenye mwanga. Kwanza linyanyue gitaa kama bunduki na uangalie ubao wa shingo kutokea upande wa daraja. Unatafuta mnyooko, au mbonyeo mdogo sana wa kuelekea nyuzi. Ukiona limejikunja kama upinde, bado si mwisho, maana chuma cha ndani kinakazwa na kulegezwa. Ila ukiona upande mmoja umepinda na mwingine haukupinda, yaani shingo imejisokota, aga uondoke. Hilo halirekebishiki kwa bei yako.

Kisha bonyeza kila uzi kwenye kila freti (vile vyuma vilivyokatiza ubao wa shingo), mmoja mmoja, kuanzia juu kabisa hadi chini. Ni kazi ya kuchosha na mwenye gitaa ataanza kukuangalia vibaya. Endelea tu. Noti ikikoroma sehemu moja, huenda freti moja imenyanyuka. Zikikoroma zote, ni marekebisho ya kawaida. Tazama pia freti za kwanza tatu nne, ambako watu wa kwaya hupiga sana: nyuzi zikiwa zimechimba vishimo virefu kwenye chuma, bei ishuke sana au uache, kwa sababu kubadili freti zote ni gharama inayokaribia bei ya gitaa la bei rahisi.

Jaribio la mwisho, na hili wengi hawalijui. Pakua programu ya kutyuni kwenye simu. Tyuni uzi wa kwanza ukiwa wazi, halafu ubonyeze kwenye freti ya 12 na upige. Simu isome noti ile ile. Ikisoma juu au chini kidogo, daraja linahitaji kusogezwa, na hiyo ni kazi ya bisibisi tu. Fanya hivyo kwa nyuzi zote sita. Gitaa lisilopita jaribio hili litakufanya uamini sikio lako ni bovu, na vijana wengi huliacha gitaa kwa sababu hiyo, wakidhani hawana kipaji.

Sasa hiyo amplifaya ya elfu themanini. Igeuze usome kibandiko cha nyuma. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Kama kibandiko kinasema AC 100V peke yake, ukiichomeka ukutani utasikia "tap", kisha harufu. Zinazotoka Marekani ni volti 120, msiba ni ule ule. Unaweza kutumia transfoma ya kushusha umeme, lakini ongeza bei yake na uzito wake, uone kama ile elfu themanini bado ni elfu themanini. Muuzaji aliyekwambia "inawaka hii, nimeijaribu" mwambie aiwashe mbele yako, tena kwenye soketi ya kawaida.

Najua unachofikiria: nitachomeka kwenye sabufa ya nyumbani. Gitaa la umeme hutoa mawimbi dhaifu mno kwa sabufa. Utasikia sauti ya mbali, iliyofunikwa blanketi, utaongeza volyumu hadi majirani waje na bado solo haitatokea. Kunahitajika kitu katikati. Kwa bajeti yako ningetafuta kale kadude ka Vox kanakoitwa amPlug, kanachomekwa moja kwa moja kwenye gitaa, kanatumia betri mbili ndogo za AAA na unasikiliza kwa hedifoni. Umeme ukikatika wewe unaendelea. Ukipata ya mtumba ya Zoom G1 Four, ni bora zaidi: inatumia betri nne za AA, ina sauti nyingi ndani yake, ina tyuna na mapigo ya ngoma ya kufanyia mazoezi, na hiyo ndiyo unaweza kuichomeka kwenye sabufa ukasikika kama binadamu. Amplifaya ya kweli itakuja baadaye. Mpigaji anayejifunza chumbani hahitaji wati hamsini.

Kuhusu gitaa kavu, rafiki yako anarudia tulichoambiwa sote. Hesabu zake zimekaa kinyume. Seti ya kawaida ya nyuzi za umeme huanzia unene wa 9 au 10, yaani robo ya milimita hivi, na gitaa kavu la nyuzi za chuma huanzia 11 au 12, tena nyuzi zake mara nyingi zimekaa juu zaidi kutoka kwenye freti. Kwa nini ujiumize mwaka mzima ukijifunza chombo usichokitaka? Anayetaka kupiga kama yule Mkongo, Mwenda Jean Bosco, na aanze na gitaa kavu. Wewe unataka solo ya dansi, anza na la umeme.

Ila solo yenyewe isubiri. Mimi nilipiga ridhim maisha yangu yote ya bendi, kwa hiyo unaweza kusema naivutia kwangu, lakini mpiga solo asiyejua ridhim inafanya nini chini yake hupiga vitu vizuri mahali pasipostahili. Miezi ya kwanza kaa na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za A, D na E, mkono wa kulia uende bila kukatika kwa dakika tano. Ukiweza hilo, solo zitakuja zenyewe kukugongea mlango.

Ukimpunguza mwenye Yamaha hadi laki tatu na ishirini, utabakiwa na laki mbili na themanini. Humo toa nyuzi mpya (zile za kanisani zitupe siku hiyo hiyo), waya mmoja mzuri, mkanda, piki kadhaa, kadude ka hedifoni, na ada ya fundi wa kulinyoosha gitaa. Ada ya fundi usiikwepe. Mwambie ashushe nyuzi hadi kama milimita mbili kwenye freti ya 12, uzi mnene. Gitaa la laki tatu lililopita kwa fundi linapigika kuliko la milioni lililotoka kwenye boksi.

SWALI: Fundi, natumia mkono wa kushoto na kila duka nililoingia lina magitaa ya kulia tu. Nasikia Hendrix aligeuza. Na mimi nigeuze? – *Mashoto, Tanga*

JIBU: Jimi Hendrix, yule Mmarekani wa roki, aligeuza gitaa la Fender Stratocaster la kulia na kuzipanga upya nyuzi, ni kweli. Kabla hujamfuata, azima gitaa la kulia ulipige wiki chache kama lilivyo. Kwenye gitaa la kawaida mkono wa kushoto ndio unaobonyeza, kwa hiyo huenda ukajikuta una faida. Ikishindikana kabisa, geuza lenye umbo la Stratocaster tu, lenye pembe mbili. Lile la umbo la Les Paul ukiligeuza hufikii freti za juu. Na fundi abadilishe kile kipande chenye mifereji kilicho mwanzo wa shingo, maana mifereji ya nyuzi nene haishiki nyuzi nyembamba. Vitufe vitakuwa chini ya mkono wako, utavizoea. Na kwa kuwa uko Tanga: futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, hewa ya chumvi inazila upesi.

SWALI: Binti yangu ana miaka tisa anataka gitaa la umeme, si kavu. Mikono yake ni midogo, na mimi naogopa shoti. – *Mama wa Mwanza*

JIBU: Mama, gitaa lenyewe halina umeme wa kumdhuru mtu, pikapu zinatoa mawimbi madogo sana. Hatari huja na amplifaya iliyochomekwa kwenye soketi isiyo na waya wa ethi, hasa mtu akishika nyuzi huku mdomo uko kwenye maikrofoni. Basi amplifaya yake iwe ya betri, na umemaliza. Kuhusu mikono, gitaa la kawaida la mtindo wa Fender lina uzi wa milimita 648 kutoka daraja hadi mwanzo wa shingo. Tafuta Squier Mini, ambayo ni milimita 578 hivi, vidole vyake vitafika. Ukiona lenye daraja linaloelea na mkono wa kuyumbishia, la Floyd Rose, hata likiwa la waridi na yeye analia dukani, usinunue: uzi mmoja ukikatika nyingine zote zinatoka kwenye tyuni, na atakayekesha akilityuni ni wewe.