Gari ya zamani inapiga "ta" moja halafu kimya: pima kabla hujanunua stata

Mkuu nimekusoma. Asubuhi gari inawaka vizuri, ukiizima ikiwa ya moto ukirudi baada ya dakika kumi unapata "ta" moja tu basi, betri umeshabadilisha na sasa fundi anakwambia ununue stata (ile mota inayozungusha injini mpaka iwake). Nakuomba usinunue kwanza. Mimi nina gari ya mwaka 1996 ilinifanyia hivyohivyo, nikanunua betri, nikanunua na stata, na tatizo likabaki palepale, mwisho wa siku kilichokuwa kimekufa ni kipande cha waya kisichofika hata nusu mita. Kwa hiyo naandika kwa kirefu kidogo, nivumilie.

Stata ndo kitu kinachokula umeme mwingi kuliko vyote kwenye gari. Injini ndogo tu ya petroli inavuta amp 100 hadi 200 hivi wakati inazungushwa, na umeme huo wote lazima utoke chanya ya betri, upite stata, urudi hasi kupitia chuma cha injini na nyaya za ethi (zile zinazounganisha hasi ya betri na bodi na injini). Sasa chukua sehemu moja ya njia hiyo yenye kutu, iwe na ukinzani wa ohm 0.01 tu, ambao mita ya kawaida haiwezi hata kuuona. Ukipitisha amp 150 hapo umeshapoteza volti 1.5, na stata ya gari ya zamani ikiwa ya moto haina volti 1.5 za kugawa bure. Ndo maana asubuhi inawaka na ikipata moto inagoma, shaba ikipata joto ukinzani unapanda na stata yenyewe inakuwa nzito, kile kidogo ulichokuwa unapoteza asubuhi bila kujua sasa kinatosha kukulaza njiani.

Na ndo maana pia kupima waya kwa kile kimlio cha mita hakusaidii. Waya uliobakiza nyuzi mbili nzima utalia vizuri kabisa, ila amp 150 haiwezi kupita hapo. Lazima upime wakati stata inapigwa, hakuna njia nyingine, na kwa kweli mafundi wengi niliowapelekea hawakupima hivyo hata mmoja, wote waliweka mita kwenye betri gari ikiwa imelala wakasema umeme upo.

Anza na betri hata kama ni mpya. Washa taa kubwa dakika moja, zima, subiri kidogo, pima. Volti 12.6 imejaa, 12.2 iko karibu nusu, 12.0 hiyo usiendelee na kipimo chochote, ichaji kwanza maana vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya. Halafu chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka, handibreki juu, gia iwe huru, mtu mwingine akupigie stata sekunde tano hivi huku wewe umeshika mita kwenye terminali za betri. Isishuke chini ya 9.6. Ikishuka sana, betri imechoka au stata imebana inavuta kupita kiasi.

Sasa hapa ndo penye utamu. Weka mita kwenye volti ndogo, ncha moja kwenye hasi ya betri (kwenye nguzo yenyewe ya risasi, sio kwenye kibano) na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, pigiwa stata. Unatakiwa uone volti 0.2, isizidi 0.3. Kisha upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi ile nati nene ya stata, hapo hata 0.5 inavumilika.

Yangu upande wa chanya ilisoma 0.3. Upande wa hasi, betri hadi bodi, 0.1. Betri hadi injini: 2.8. Nilirudia mara tatu nikidhani nimeshika vibaya. Maana yake kati ya bodi na injini palikuwa na shida, na hapo kuna waya mmoja tu wa ethi umefungwa kwenye giaboksi, kwa nje ulikuwa mzima, plastiki yake haina hata mpasuko. Nilipoukunja nikausikia unasagika ndani kama mchanga. Niliuchana kwa kisu: unga wa kijani na nyuzi chache za shaba zimebaki zimeshikana. Halafu nikakumbuka kitu, siku zile ikigoma waya wa eksileta ulikuwa unapata moto na mimi nilidhani ni joto la injini. Umeme ulikuwa unatafuta njia ya kurudi kwa kupitia waya wa eksileta! Ukiona hiyo dalili kwako usiendelee kupiga stata, plastiki ya ndani inayeyuka na eksileta inaweza kukwama.

Niliweka waya mpya mnene, nikasugua kwa msasa pale bolti inapokaa mpaka chuma king'ae, nikapaka grisi juu baada ya kukaza, nikapima tena: 0.15. Tangu hapo haijagoma.

Ila ya kwako inaweza isiwe ethi, kwa hiyo angalia hivi. Kama ikipiga "ta" moja na volti za betri hazishuki kabisa, na ukipima kati ya nati ya stata na chuma cha stata yenyewe bado unasoma 12, hapo umeme umefika na stata haiupokei, basi ni vile visahani vya shaba ndani ya solenoidi (swichi nene iliyo juu ya stata) vimelika au kaboni brashi (vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota ya stata) zimeisha. Hata hapo usikubali kununua stata nzima haraka, stata nyingi za zamani zinafunguka na hivyo vipande vinabadilishwa peke yake. Kama zinasikika "tatatata" mfululizo, mara nyingi ni betri haina nguvu au terminali zimelegea. Na kama hakuna mlio wowote, pima ule waya mwembamba wa solenoidi wakati ufunguo uko kwenye stata, ukikosa umeme pale rudi nyuma kwenye rilei (swichi ndogo ya umeme), swichi ya ufunguo, na kama ni otomatiki jaribu kuwashia kwenye N (gia huru) badala ya P (ya kuegesha), ile swichi ya gia huwa inachoka.

Jambo la betri kuisha usiku uliloligusia mwishoni ni kesi nyingine. Hakikisha kwanza altaneta (jenereta ya gari) inachaji, injini ikiwa inaunguruma betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Na mtu asikuambie uchomoe terminali ya betri injini ikiwaka eti kupima altaneta, hiyo tabia ni ya kizamani sana, volti zinaruka ghafla na unaweza kuua altaneta pamoja na kompyuta ya gari. Kama inachaji vizuri, zima kila kitu, funga milango, weka mita ya amp kati ya hasi na waya wake, subiri nusu saa mpaka vifaa vilale. Ikibaki juu ya milliamp 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Ukimaliza fyuzi zote na haijashuka, toa ule waya mnene wa altaneta (kwanza hasi ya betri iwe nje, hapo hapachezewi), maana daiodi zake (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu) zikivuja zinanyonya betri usiku kucha na hazipiti kwenye fyuzi ndogo za ndani.

Fanya vile vipimo gari ikiwa ya moto, wakati imegoma kabisa, sio asubuhi. Niandikie namba tatu tu: volti za betri ukipiga stata, za upande wa chanya, na za hasi hadi injini, nami nitakuambia pa kushika.