Kugawa wanafunzi kwa mtindo wa kujifunza: usianze hivyo, mwalimu

Mwalimu mwenzangu wa Goma, nimekuelewa: darasa la tano limejaa, na kwenye semina mmeambiwa mgawe watoto makundi matatu, wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, kila kundi na njia yake. Usijichoshe.

Kila mtoto ana anachopendelea, hilo ni kweli. Lakini mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo "wake". Tena ukimwambia "wewe ni wa kusikia", huenda akaanza kukwepa kusoma.

Acha somo liamue njia. Ukifundisha volkeno, chora ubaoni mlima wetu wa Nyiragongo uliokatwa katikati, uonyeshe magma (mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi) inapopandia. Kisha pitisha jiwe la lava (hapa kwetu yamejaa hadi kwenye kuta); walishike, waone vitundu vilivyoachwa na gesi. Halafu wafunge madaftari, kila mmoja amweleze jirani yake lava ilitoka wapi. Kesho yake uliza tena kabla ya somo jipya. Huko kukumbuka bila kutazama kunasaidia kuliko makundi yote hayo.

Ila anayefinya macho akitazama ubao, au anayeomba urudie kila mara, usimtafutie mtindo. Msogeze mbele leo, na uwaombe wazazi wampeleke hospitali apimwe macho na masikio.