Maswali ya Wasomaji: Usiku Mrefu wa Kigoma Uko Mwezi wa Juni

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanga, Kigoma mjini, na ni Mkristo. Desemba iliyopita nilifuata mafundisho ya watu wa Ulaya niliyoyapata kwenye simu. Yanasema kwamba usiku wa tarehe 21 Desemba ndio mrefu kuliko yote katika mwaka, na kwamba usiku huo mtu azime taa zote za nyumba, awashe mshumaa mmoja, akae kimya, aandike mambo anayotaka kuyaacha nyuma, kisha aichome karatasi. Nilifanya hivyo kwa moyo wote, lakini sikupata utulivu wowote. Nilipata joto, mbu na kelele za mvua juu ya bati. Je, nilikosea wapi? Na je, jambo hili lina maana yoyote kwa mtu wa huku kwetu?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nia yako haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la usiku wenyewe. Aliyekufundisha alikupa kalenda ya kwao, nawe ukaifuata kwenye nchi ambayo siku hiyo mambo yake yamegeuka.

Wewe unafundisha watoto, kwa hiyo nitakukumbusha tu. Dunia imeinama kwa nyuzi 23.4 hivi, na mwezi wa Desemba upande wake wa kaskazini huwa umelipa jua kisogo. Ndiyo maana siku hiyo urefu wa mchana wa London haufiki hata saa nane, wa Helsinki haufiki saa sita, na kule Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mtu wa huko anapowasha mshumaa alasiri, kabla ya kuwa ishara ya kitu chochote, mshumaa ule unamsaidia kuona. Waliomtangulia walilijua jambo hili zamani sana: kule Newgrange, nchini Ireland, kuna kaburi la mawe lililojengwa miaka 5,000 hivi iliyopita, ambalo njia yake ya ndani huingiwa na mwanga wa jua la asubuhi katika siku chache tu zinazozunguka tarehe hiyo. Watu waliobeba mawe yale makubwa walikuwa na hofu ya kweli na tumaini la kweli.

Sasa tazama kwetu. Kigoma iko nyuzi tano kasoro kusini mwa Ikweta. Tarehe 21 Desemba, ulipokuwa umejifungia na mshumaa wako, ulikuwa katika mchana mrefu kuliko yote wa hapa, saa 12 na dakika 24 hivi. Usiku wetu mrefu uko mwezi wa Juni, tarehe 20 au 21, na mchana wake ni saa 11 na dakika 50. Tofauti ya siku hizo mbili ni dakika 34, muda ambao maharage yetu ya Kigoma yakiwa jikoni hayajaanza hata kulainika. Hata saa zetu za Kiswahili, ambazo huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na kuanza upya linapozama, zisingeweza kutumika Helsinki. Zilizaliwa kwa watu ambao mchana na usiku wao hawagombani.

Nikiri nami. Niliwahi kuujaribu mshumaa huo, mwezi huohuo wa Desemba, baada ya kusimuliwa na mgeni. Mvua ilikuwa imekatika jioni. Niliweka mshumaa dirishani, nikafumba macho, na nilipoyafumbua kumbikumbi walikuwa wamejaa mezani, mabawa yao yakiogelea katika nta iliyoyeyuka, na wengine wakinitambalia shingoni. Nikaleta sufuria. Tafakuri yangu ya usiku mrefu iliishia kwenye kikaango chenye chumvi, na siwezi kusema kwamba nilijuta.

Ukitaka kushika jambo hili kwa namna inayolingana na mahali ulipo, basi subiri Juni. Mvua zimekwisha, usiku una baridi ya kutaka shuka la pili, upepo wa kusi unavuma ziwani, na moshi wa mioto ya kiangazi bado haujaifunika milima ya Kongo. Sisi wa Kigoma tuna neema ambayo watu wa Dar es Salaam hawana: jua letu linazama ng'ambo ya maji, nyuma ya mstari wa milima ambao hausogei. Chagua mahali pamoja palipoinuka, penye mti au nguzo utakayoitumia kama alama, na usipabadilishe. Uwe umeketi saa 12:30 jioni. Siku hizo jua huzama kama saa 12:58, ingawa likiingia nyuma ya milima utalipoteza mapema kidogo. Usilikodolee macho likiwa bado linawaka. Utazame mstari wa milima, na mwishoni uone ni kwenye bonde lipi au kilele kipi limeingia.

Utakachogundua ndicho kilichonifanya nianze kuipenda kazi hii ya kutazama jua. Mwezi wa Machi au Septemba, mahali linapozamia jua husogea kila siku karibu kwa upana wa jua lenyewe, na kwa wiki moja unaona wazi kwamba limehama. Lakini wiki moja kabla na wiki moja baada ya tarehe 21 Juni, kuhama kwake kote hakufiki nusu ya upana huo. Jua linarudi palepale, jioni baada ya jioni, kama mtu aliyefika mlangoni na kusimama akifikiri. Kilatini kiliipa siku hiyo jina lenye maana ya kusimama kwa jua, na waliolitunga jina hilo walikuwa wameketi na kutazama kama utakavyotazama wewe. Rudi hapohapo mwishoni mwa Septemba, unyooshe mkono mbele yako na kukunja ngumi: utakuta jua limehama kuelekea kushoto kwa ngumi mbili na zaidi kidogo.

Katika hizo dakika 28 za kungoja ufanye nini? Ningekushauri usifanye mengi. Wewe ni Mkristo, na Kanisa lina desturi ya kuchunguza dhamiri, ambayo Ignatius wa Loyola, padri Mhispania, aliipa utaratibu katika karne ya 16: unaipitia siku yako tangu asubuhi, unashukuru kwa kutaja kitu hasa na si kwa jumla, unatazama uliposhindwa, kisha unaomba kwa ajili ya kesho. Hilo linatosha jioni moja. Isitoshe, tarehe 24 Juni ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji. Augustino, ambaye alikuwa Mwafrika wa kaskazini mwa bara, aliwahubiria watu wake kwamba tangu siku ya Yohana mchana hupungua, na tangu siku ya Kristo huongezeka. Kwake ilikuwa sawa kabisa. Huku kwetu ni kinyume, maana baada ya sikukuu ya Yohana mchana wetu ndio unaanza kurefuka. Sioni kwamba jambo hilo linaharibu mahubiri, lakini mwalimu anayejua kwamba mfano huo ulitungwa upande wa pili wa Ikweta hatawachanganya wanafunzi wake.

Kuhusu karatasi, mimi siipendi desturi ya kuichoma. Ni rahisi mno. Umeandika kwamba umemkosea dada yako, umewasha kiberiti, na dada yako bado yuko Kasulu hajapigiwa simu. Andika sentensi moja, ikunje, uiweke ndani ya kitabu chako cha nyimbo, na uisome tena mvua ya kwanza itakaponyesha, Oktoba au Novemba. Miezi minne inatosha kujua kama ulimaanisha.

Niongeze jambo moja kuhusu utulivu wa ziwa, kwa kuwa husifiwa na watu wasiojua gharama yake. Mwaka 2024 upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwa hiyo usiku mrefu wa mwaka ule haukuwa na zile taa za wavuvi wa dagaa ambazo kwa kawaida huonekana kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Wageni walisema ni giza la kupendeza. Nilipomtembelea jirani yangu anayeanika dagaa Kibirizi, nilimkuta ameketi kando ya chanja tupu, akifungua kamba zilizolegea moja baada ya nyingine na kufunga mpya, ingawa hakukuwa na kitu cha kuanika kwa majuma mengine saba. Hakuwa ameuchagua ukimya ule. Nilikaa naye tukafunga kamba pamoja, na sikumwambia neno lolote kuhusu tafakuri.

Wavuvi wana mapumziko mengine, ya kila mwezi. Mbalamwezi inapokuwa kali taa hazivuti dagaa, na wengi wao hubaki nchi kavu kwa siku kadhaa. Kama Juni ni mbali kwako, anza na usiku huo.

SWALI: Assalaam aleikum Bibi. Mimi ni mfanyabiashara wa asali mjini Tabora. Mke wangu amependezwa na habari hizi za kukaa kimya na kutazama jua siku lifikapo mwisho wa safari yake. Nina wasiwasi kwamba ni kuabudu jua kwa mlango wa nyuma. Unasemaje?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mimi si sheikh, na fatwa utaitafuta msikitini kwako, lakini naweza kukuonyesha mahali ambapo wasiwasi wako una msingi na mahali ambapo hauna.

Una msingi kwa sababu dini yako yenyewe imeweka mpaka hapo. Mafundisho yanakataza kuswali sala za sunna za hiari jua linapochomoza, linapokuwa utosini na linapozama, ili mwenye kuswali asifanane na wanaolisujudia. Mpaka huo ni wa sala. Dhikri na nyiradi za asubuhi na jioni huletwa karibu na nyakati hizohizo, na kutafakari uumbaji kumesifiwa. Mkeo akiketi barazani na tasbihi yake huku mwanga ukipungua, sidhani kwamba ameingia mahali pabaya. Akianza kulisemesha jua, hilo ni jambo jingine.

Tena Mwislamu ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuliogopa jua, kwa maana ingawa miezi yake ni ya mwandamo, sala zake tano hupimwa kwa jua kila siku. Ninyi wa Tabora mnalijua hili kuliko watu wa pwani. Tanzania nzima hufuata saa zilezile, lakini jua halina habari hizo: mwezi wa Juni magharibi ya Dar es Salaam huingia karibu nusu saa kabla ya yenu, na anayefuturu kwa adhana ya redio ya huko amefuturu mchana.

Wanazuoni wa zamani waliusifu msimu wa baridi kwa kuwa usiku wake ni mrefu kwa kisimamo na mchana wake ni mfupi kwa saumu. Waliokuwa mbali na Ikweta walipewa saa nyingi. Tabora, ukiulinganisha usiku wa Juni na wa Desemba, umepewa nusu saa na dakika chache za ziada, na rakaa mbili zisizo na haraka zinaingia humo na nafasi ikabaki. Kama mtaani kwenu kuna zawia ya Kadiria, yaani nyumba ya dhikri ya tarika hiyo ya Kisufi, ambayo Tabora na Ujiji zimeijua kwa muda mrefu, nenda ukakae na wazee wake jioni moja kabla hujamkataza mkeo kitu.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina watoto wanne, mama mkwe, na vyumba viwili hapa Ujiji. Hayo ya kutafuta mahali pa utulivu ni ya watu wenye nyumba kubwa. Je, sisi wengine tufanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umesema kweli, na sitakudanganya kwamba utapata chumba. Lakini mwezi wa Juni Kigoma kuna jambo moja linalokupendelea. Jua halichomozi mpaka saa 1:08 asubuhi, kwa hiyo watoto wako wanaamshwa kwenda shule gizani. Amka dakika kumi kabla yao. Usiwashe jiko, usiwashe redio, wala usiishike simu, hata kwa kutaka kujua saa. Keti kwenye kibaraza ukiwa na ungo wa maharage uliyopanga kuyapika mchana, na uyachambue kwa vidole tu, bila taa. Mawe utayajua kwa ubaridi na uzito wake, na yaliyotobolewa na wadudu kwa wepesi wake. Ukimaliza kiganja kimoja, anza kingine. Sala yako, iwe ya dini gani, itaingia humo bila kualikwa.

Kuhusu mama mkwe, najua unamhesabu miongoni mwa kelele. Hata hivyo umeandika mahali fulani katika barua yako ndefu, ambayo nimeifupisha hapa, kwamba kila jioni yeye hujitenga na kukaa peke yake chini ya mwembe bila kusema na mtu, na kwamba jambo hilo linakuudhi kwa kuwa ndio wakati wa kupika. Mpelekee kikombe cha chai pale chini ya mwembe, umwulize huwa anafanya nini, na uniandikie alichokujibu.