Petroli Imeisha, Subiri Dakika 30

Juzi kijana mmoja hapa studio kanionyesha bildi yake mpya, yaani toleo la majaribio la gemu lake la simu, anatabasamu kama aliyepata mtoto. Nacheza dakika nne, nimeshanogewa, skrini inaganda: "Nguvu zimeisha. Subiri dakika 30 au nunua almasi." Almasi zenyewe ni za ndani ya gemu, unazilipia kwa fedha halisi. Namuuliza nani kamwambia aweke kitu hiki. "Kaka, mchapishaji ndiye anataka. Mkataba tunasaini Ijumaa." Nikatoka nje kunywa maji kwanza.

Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanizeesha. Andikeni haya.

1. Mchapishaji, yaani kampuni inayokupa fedha za kutengeneza gemu kisha ikaliuza, si mfadhili. Wale wakubwa wana wenye hisa, na mwenye hisa haulizi gemu ni tamu kiasi gani, anauliza robo hii ya mwaka imeingiza ngapi. Hivyo ndivyo EA, mmoja wa wachapishaji hao, ilivyofika Novemba 2017 na gemu la Star Wars Battlefront II lililojaa masanduku ya bahati, unayafungua bila kujua ndani mna nini, hadi wachezaji wakachachamaa na manunuzi ya ndani yakazimwa siku moja kabla ya uzinduzi. Mwaka uliofuata tume ya kamari ya Ubelgiji ikasema masanduku ya kulipia ya FIFA 18 na Overwatch ni kamari. Sidhani kuna mchoraji hata mmoja wa magemu hayo aliyeamka asubuhi na hamu ya kuchora kasino.

2. Someni kipengele cha kurejesha gharama. Hapa nakaa kidogo, maana ndipo nilipoungulia.

Tulikuwa watatu, chumba kimoja Sinza, na gemu la bodaboda: unabeba abiria kutoka Tandika, unakwepa trafiki, unabishana nauli. Watu walilipenda hata kabla halijaisha. Ikaja barua pepe kutoka kwa mchapishaji wa ng'ambo: dola 40,000, kwa awamu nne. Shemeji yangu mwanasheria alijitolea kuusoma mkataba bure. Nikaona atanichelewesha. Nilisoma ukurasa wa kwanza wenye tarakimu, nikarukia wa mwisho wenye nafasi ya sahihi.

Katikati paliandikwa kwamba mgao wetu ni asilimia 30, na zile 40,000 zinarejeshwa kutoka kwenye mgao huo, si kutoka kwenye mapato yote. Pigeni hesabu, mimi sikupiga. Ili 30 yetu ifike 40,000, gemu liingize zaidi ya dola 133,000. Na hiyo ni baada ya duka la simu kukata asilimia 30 yake, kwa hiyo wachezaji walipe kama 190,000 ndipo mimi nione senti ya kwanza. Kwa gemu la bodaboda! Juu yake wakaongeza "gharama za matangazo", bila kikomo. Tangazo lenyewe sijaliona hadi leo.

Lakini si fedha iliyoniuma zaidi. Malipo ya awamu ya tatu yalizuiwa. Mchapishaji akasema wachezaji wanaorudi siku ya saba baada ya kupakua gemu ni wachache, tuweke petroli inayoisha, mchezaji asubiri au alipe. Mwenzetu aliyechora kila kitu, mpaka stika za kwenye tenki, alikataa. Alisema mtu akipanda boda anataka kwenda. Nikamjibu mbele ya mwenzetu wa tatu: "Hiki ndicho kinacholipa kodi ya chumba." Nilikuwa natumia sauti ya mchapishaji, na Kiswahili changu. Hakugombana. Alifunga kompyuta yake, akachukua na chaja, nikajua harudi.

Petroli tukaiweka. Maoni ya kwanza dukani: "Boda gani hii inaishiwa mafuta kila abiria wa tatu?" Taarifa ya mgao ilipokuja ilisoma sifuri. Iliyofuata pia.

3. Matangazo yawekewe kikomo kwa maandishi.

4. Bonasi isifungwe kwenye alama za wahakiki. Studio ya Obsidian walifungiwa 85 za Metacritic, tovuti inayokokotoa wastani wa alama za wahakiki, kwa gemu lao la Fallout: New Vegas, wakapata 84.

5. Msidhani ubora utawakinga. Tango Gameworks ya Tokyo, studio iliyokuwa chini ya Microsoft, ilitoa gemu la Hi-Fi Rush Januari 2023, ikasifiwa, ikachukua tuzo ya sauti kwenye The Game Awards. Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga, pamoja na studio yake nyingine, Arkane Austin, miezi saba tu baada ya kukamilisha kuinunua kampuni ya magemu ya Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Miezi michache baadaye Krafton ya Korea Kusini ikaiokoa Tango na Hi-Fi Rush yake. Wa Austin hawakupata mwokozi. Gemu lao la mwisho, Redfall, lilipondwa, lakini wa lile lililosifiwa nao walifungiwa mlango siku ileile, sasa nyie mnaotaka niwape kanuni, niitoe wapi?

6. Haki miliki msiuze, na ombeni kipengele cha gemu kurudi kwenu mchapishaji akiliondoa sokoni. Letu waliliondoa, na bado ni mali yao. Siwezi hata kulitoa bure. Mpwa wangu ana simu ya zamani yenye nyufa ambayo bado inalo. Hulifungua mara mojamoja: boda imeegeshwa Tandika, stika zake zinang'aa, petroli imeisha, na seva ya kuijaza ilishazimwa.